Janga Hili Lina Tarehe

Foleni ilianzia kwenye mlango wa ghorofa ya pili, ikashuka ngazi, ikatoka getini na kukata kona. Ilikuwa Phibsborough, kaskazini mwa Dublin, jioni ya Novemba, na mvua ya huku ile isiyonyesha wala kukatika. Nilihesabu watu 36 mbele yangu kisha nikaacha. Sote tulikuja kukiona chumba kimoja. Kukiona tu. Kila mtu alishika bahasha: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, barua ya mwenye nyumba wa zamani ikithibitisha kwamba tulilipa kwa wakati na hatukuwa na makelele. Kijana aliyesimama mbele yangu alikuwa Mwairishi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa Mayo. Bahasha yake ilikuwa nene kuliko yangu.

Tuliingizwa watano watano, dakika tatu kila kundi. Kitanda cha mtu mmoja, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, jiko la kuchangia na watu sita, na pembeni mwa mlango mita ya umeme wa kulipia kabla, ndugu kabisa wa LUKU yetu. Yuro 950 kwa mwezi, umeme juu yako. Dalali aliandika kwenye simu muda wote. Sikukipata chumba kile. Mwalimu naye hakukipata; najua kwa sababu tulibadilishana namba, na foleni ya saa moja na nusu inatosha kuwafanya watu kuwa jamaa.

Usiku ule binamu yangu aliniandikia kutoka Tanga. "Shikamoo dada. Nimepata ajenti wa kazi za huko kwenu. Anasema mshahara yuro elfu thelathini kwa mwaka. Nije?"

Huko kwetu! Nilicheka peke yangu kwenye basi. Sikumjibu siku ile, na haya ninayoyaandika ni jibu lake lililochelewa.

Nianze na neno. Huku kila mtu, kuanzia waziri hadi kinyozi, anasema nchi ina janga la nyumba. Wanalitamka kwa sauti ya watu wanaozungumzia hali ya hewa. Na janga kwetu ni nini? Ni nzige, ni mafuriko, ni tauni. Ni kitu kinachomshukia mtu, na hakuna anayeulizwa nzige walitumwa na nani. Ndiyo sababu silipendi neno hilo kwa jambo hili. Kila kipande cha balaa la nyumba na umeme la Ireland kina tarehe yake na saini ya mtu chini yake. Tatizo ni kwamba tarehe hizo hazisomwi kwa pamoja.

Mwenzangu mmoja kazini, kwenye kituo cha wazee ninakohudumu, anatoka Leitrim, kaunti ndogo yenye maziwa na mvua kuliko watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa yeyote atakayejenga kaunti ile na za jirani zake kandokando ya mto Shannon. Watu wenye kipato Dublin, wasiojua hata Leitrim iko upande gani, wakajenga ili kupunguza kodi. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Alijenga bila kupumzika miaka minane. Mwaka 2006 nchi nzima ilikamilisha karibu nyumba 90,000, ikiwa na watu milioni 4.2 tu. Kisha usiku wa Septemba 29, 2008, serikali ikadhamini madeni ya benki zake, benki zilezile zilizokuwa zikikopesha wajenzi kama zinagawa pipi. Dhamana ile ilikuja kumeza yuro bilioni 64 za kuziokoa. Mwaka 2010 serikali ilihesabu mitaa isiyokamilika na kupata zaidi ya 2,800. Huku wanaiita mitaa ya mizimu.

Sisi tuliokulia Tanga hatuogopi nyumba isiyokwisha. Nyumba yenye nondo zilizochomoza juu ya lenta ni ahadi: mwenyewe yuko, anatafuta, mvua mbili zijazo ataongeza chumba. Mama yangu alianza msingi nikiwa darasa la pili na kuezeka nilipomaliza kidato cha nne, na hatukudaiwa na mtu. Leitrim nyumba isiyokwisha haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na mkopo tu, na mkopo nao ulikuwa umeuzwa.

Baba wa mwenzangu akaenda Perth, Australia. Hajarudi. Walioondoka naye, au walioacha kazi ya ujenzi na kuendesha teksi, walikuwa zaidi ya nusu ya mafundi wote wa nchi. Vijana nao wakaacha kujifunza useremala na ufundi bomba, maana nani angejifunza kazi isiyokuwepo? Kwa hiyo ninapomsikia mchumi kwenye redio akisema, kwa sauti ya kusikitika, kwamba ujenzi Ireland ni ghali kwa sababu mafundi ni wachache, nataka kumuuliza: walipungua siku gani? Mwaka 2013 nchi ilikamilisha nyumba chini ya 5,000. Mwaka 2015 halmashauri zote kwa pamoja, kwa nchi nzima, zilijenga nyumba 75. Rudia kuisoma namba hiyo. Mtaa mmoja wa kawaida una nyumba nyingi kuliko hizo.

Badala ya kujenga, dola ilifanya mambo mawili. Ilikusanya mikopo mibovu kwenye shirika lake, NAMA, na kuiuza, mingi yake kwa mifuko ya uwekezaji kutoka Marekani. Halafu mwaka 2013 ikatunga sheria ya kampuni za kuwekeza kwenye majengo, zenye nafuu kubwa ya kodi, ili fedha za nje zije kununua. Zikaja. Nyumba ikawa mali ya kuangaliwa kwenye kompyuta, na sisi ndani yake tukawa mapato ya kila mwezi. Mwaka 2021, baada ya mfuko mmoja kununua sehemu kubwa ya mtaa mpya Maynooth na kuwaacha wanandoa vijana mikono mitupu, serikali iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa anayenunua nyumba kumi au zaidi. Fleti iliziacha nje ya ushuru huo. Yaani mlango ulifungwa, dirisha likaachwa wazi, na dirisha ndiko walikokuwa wakipita.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Tuangalie mchukuzi basi.

Mwaka 2023 chama cha wakadiriaji majenzi cha Ireland, SCSI, kilitoa hesabu ya gharama ya kuifikisha sokoni nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ile inayoshikana ukuta na jirani. Wastani wa nchi: yuro 397,000. Dublin na viunga vyake: yuro 461,000. Kitu kilichonifanya niisome mara tatu ni mgawanyo wake. Saruji, matofali, mbao, nyaya, mabomba na mikono ya mafundi, vyote hivyo, ni asilimia 53. Asilimia 47 iliyobaki huwezi kuigusa kwa mkono: ardhi, VAT, tozo, riba ya mkopo wa mjenzi, ada za wataalamu, gharama za kuuza, faida. Karibu nusu ya nyumba ni karatasi. Nilimwonyesha mwenzangu wa Leitrim. Akasema baba yake angecheka, kwa sababu miaka yote ile aliambiwa kwamba mshahara wake ndio unaoifanya nyumba iwe ghali.

Na kwenye karatasi hizo, ardhi ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa dawa yake iliandikwa kabla mama yangu hajaolewa. Mwaka 1973 kamati iliyoongozwa na jaji John Kenny ilipendekeza jambo jepesi: shamba linapokaribia kuwa mji, halmashauri iruhusiwe kulinunua kwa thamani yake kama shamba, na nyongeza ya asilimia 25. Basi. Kwa nini mtu atajirike kwa sababu barabara na bomba la majitaka, vilivyojengwa kwa kodi za wengine, vimefika kwenye uzio wake? Ripoti ile haikuwahi kutekelezwa. Sababu iliyotolewa kila mara ilikuwa katiba, kwamba inalinda mali ya mtu. Mwaka 2004 kamati ya bunge ya vyama vyote iliichambua hoja hiyo na kuona kwamba katiba haizuii kitu. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu hapo, na ripoti ya Kenny inatajwa kwenye hotuba kama marehemu mwema.

Wapo watakaosema ninarahisisha. Kweli, mabomba ya majitaka ya Dublin yamezidiwa, kesi za majirani wanaopinga ujenzi zinachukua miaka, na vita vya Ukraine vilipandisha bei ya kila kitu, hadi misumari. Nakubali. Lakini bomba halizidiwi kwa siku moja, na nchi hii haikukosa pesa ya kulitandaza. Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Apple iilipe Ireland kodi ya yuro bilioni 13, pamoja na riba. Serikali ya Ireland ilikuwa imepigana mahakamani kwa miaka, ikiwa upande mmoja na Apple, ili pesa hizo zisije.

Hapo nimkaribishe bibi mmoja ninayemhudumia. Ana miaka zaidi ya 90 na kumbukumbu kali kuliko yangu. Alizaliwa kwenye chumba kimoja katikati ya Dublin, familia ya watu tisa, choo kimoja kwa jengo zima. Akiwa mtoto wakahamishiwa Crumlin, kwenye nyumba mpya ya halmashauri: bomba la maji ndani na bustani nyuma. Anasimulia baba yake alivyofungua bomba na kulifunga, akalifungua na kulifunga, mpaka mama akamwambia aache. Nilimuuliza nchi ilipata wapi pesa miaka ile ya 1930. "Mwanangu," akasema, "tulikuwa maskini kweli. Hatukuwa na kitu." Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba umeme wa nyumba ile nao ulikuwa wao.

Alikuwa sahihi. Mwaka 1925 nchi changa, iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka miwili tu nyuma, iliamua kuuzuia mto Shannon pale Ardnacrusha na kuzalisha umeme. Mradi ulikula takribani moja ya tano ya bajeti ya mwaka ya serikali. Mwaka 1927 likaundwa shirika la umma, ESB, kuusambaza. Mwaka 1929 mitambo ikafunguliwa. Hawakumsubiri mwekezaji.

Sasa tazama bili. Nusu ya kwanza ya 2024, umeme wa nyumbani Ireland ulikuwa wa pili kwa ughali katika Umoja wa Ulaya baada ya Ujerumani: senti 37 hivi kwa uniti moja, wakati wastani wa Umoja ulikuwa karibu senti 29. Mama yangu Tanga akinunua LUKU ya shilingi 10,000 anapata uniti 28 hivi. Kwa pesa hiyo Dublin mimi nisingepata hata kumi. (Najua, mishahara si sawa. Lakini mita ya pembeni mwa mlango haijui mshahara wako, na ada ya kudumu unalipa hata kama hukuwasha taa.)

Maelezo yanayotolewa ni ya kijiografia: kisiwa, gridi ndogo, nyumba zilizotawanyika, gesi inayotoka Uingereza kwa bomba na kupanga bei ya umeme wote, hata ule wa upepo ambao hauchomi gesi. Yote kweli. Ila jiografia haikuamua kwamba kisiwa hiki kiwe ghala la mashine za kampuni za mtandao za dunia. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wote unaopimwa kwa mita Ireland. Mwaka 2023 vilitumia asilimia 21, na kuzipita nyumba zote za mijini, zilizotumia 18. Mwaka uliofuata vilifika 22. Kila unapohifadhi picha ya harusi kwenye wingu, kumbuka wingu hilo lina nyaya, na huenda linapozwa na mafeni pembezoni mwa Dublin.

Na kuna jambo ambalo wapangaji wenzangu wengi hawalijui hadi leo. Mwaka 2010, wakati watu wanapoteza kazi na nyumba, malipo ya gridi yalipangwa upya kwa kisingizio cha kulinda ushindani wa viwanda: takribani yuro milioni 50 kila mwaka zikahamishwa kutoka bili za watumiaji wakubwa wa umeme na kuwekwa kwenye bili za majumbani. Utaratibu huo ulifutwa 2022. Miaka 12! Bibi wa Crumlin, akiwasha hita moja na kujifunika blanketi mbili, alikuwa akiwachangia wenye majengo yasiyo na dirisha. Bei zilipolipuka wakati wa vita vya Ukraine, serikali iliwapa watu mikopo ya bili, yuro 200 mara kadhaa, baadaye 150, baadaye 125. Watu walishukuru, na mimi nilishukuru. Lakini pesa zile hazikukaa mkononi mwetu hata dakika. Zilitoka hazina na kuingia kwa muuzaji wa umeme.

Nikiwa natoka zamu asubuhi moja, mwanamume alinisogelea kituo cha basi na kuniambia kwa utulivu kabisa, kama anayenielekeza njia, kwamba Ireland imejaa. Ni kaulimbiu sasa. Inaandikwa kwenye mabango. Siku hiyo sikujibu. Nilikuwa nimesimama saa 12 na miguu ilivimba. Namjibu sasa.

Mwaka 1841, kabla ya njaa kuu ya viazi, kaunti 26 zinazounda jamhuri hii zilikuwa na watu milioni 6.5. Mwaka 1961 walibaki milioni 2.8. Leo ni kama milioni 5.4. Nchi haijafikia hata idadi iliyokuwa nayo wakati watu wanapika kwa moto wa mboji. Sensa ya 2022 ilikuta nyumba 166,752 tupu, mbali na nyumba za likizo, na zaidi ya 48,000 kati ya hizo zilikuwa tupu pia kwenye sensa ya 2016. Baadhi ya nyumba hizo nawajua wenyewe, kwa sababu mimi ndiye ninayewavisha soksi. Mzee akiingia kituoni nyumba yake hubaki na mapazia yamefungwa. Kwa miaka mingi akiipangisha, asilimia 80 ya kodi hiyo ilihesabiwa kwenye malipo ya matunzo yake, hivyo familia ziliona heri nyumba ilale. Kanuni hiyo ililegezwa hatua kwa hatua na kuondolewa mwanzoni mwa 2024. Unaona? Nayo ina tarehe.

Machi 31, 2023, serikali iliondoa marufuku ya muda ya kuwafukuza wapangaji. Waliokuwa kwenye malazi ya dharura mwezi huo hawakufika 12,000. Mwanzoni mwa 2025 walizidi 15,000, watoto zaidi ya 4,500 miongoni mwao. Yule bwana wa kituo cha basi anaweza kuitafuta saini iliyo chini ya uamuzi ule. Haitakuwa yangu, mimi hata kura ya ubunge sina.

Kinachoniuma ni kwamba watu hawa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mayo, kwa yule mwalimu wa kwenye foleni, ndiko wakulima walikounda umoja wao mwaka 1879 dhidi ya mabwana ardhi, wengi wao wakiishi mbali na mashamba wanayoyala. Mwaka uliofuata walimgomea wakala wa bwana mmoja, Kapteni Charles Boycott: hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumuuzia, hata tarishi akagoma. Jina lake likawa neno la Kiingereza. Nilimwandikia mwalimu kumuuliza kama huwafundisha watoto habari hizo. Akajibu kwamba yeye ni wa hesabu, na kwamba anaondoka Januari kwenda Melbourne. Katika mwaka ulioishia Aprili 2024 waliohama kwenda Australia walikuwa 10,600, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 2013. Shule yake inatafuta mwalimu mwingine. Hawampati, kwa sababu hana pa kulala.

Basi binamu yangu, hesabu yako ni hii. Yuro elfu thelathini ni kweli, ajenti hakukudanganya. Ukishakatwa kodi, mkononi zinabaki kama 2,150 kwa mwezi. Mwaka 2025 wastani wa kodi ya nyumba zinazotangazwa nchini ulipita 2,000. Kwa hiyo hutapanga nyumba, utapanga kitanda. Kazi ni nzuri, wazee wana adabu na vichekesho, na sheria ya kazi inafuatwa kuliko hapo Tanga. Njoo ukitaka. Ila usimruhusu ajenti akuambie malazi "utapata tu ukifika", na usisaini kabla hujayaona kwenye video na mtu amesimama ndani.

Alisoma yote. Akaweka alama ya kucheka kwenye habari za bibi na bomba. Kisha akauliza, "Na wewe dada, unalala wapi?"

Nilimwambia. Ninachangia chumba na nesi kutoka Kerala. Yeye anafanya kazi usiku, mimi mchana, na kitanda ni kimoja. Tunapishana mlangoni saa mbili kasoro asubuhi; mimi nikitoka yeye anaingia. Majira ya baridi hatuwashi hita asubuhi, kwa kuwa shuka zinakuwa bado na joto.